Mlingoti Usiokwisha

Kapseret, Eldoret
6 Februari 1966

Mama Stephen,

Uliuliza kwa nini sikuja Krismasi. Shamba la mzungu limeuzwa. Wenye shamba sasa ni Wakikuyu waliochangiana hisa wakaunda kampuni. Januari walipiga kura. Kila mtu alichukua karatasi ndani ya kofia akaonyeshwa kipande chake. Nyumba yangu ya mabati imeangukia kwenye kipande cha mama mmoja mjane, jina lake Warigia. Hakunifukuza. Alisema nikae mpaka nimalize kazi moja.

Kazi ni hii. Kipande chake kinafika bwawani, na pale bwawani iko ile boti ambayo mzungu na mkewe walikuwa wakichezea Jumapili. Unaikumbuka. Ulipokuwa ukiishi hapa uliicheka ukasema ni mitumbwi miwili iliyofunga ndoa. Mzungu amekwenda Australia akaiacha juu ya nyasi. Siku ya kukabidhiwa shamba, Ndungu, mwandishi wa kampuni, alifunga fahali kwenye mlingoti. Alidhani ni nguzo iliyochimbiwa chini. Akina mama walipopiga vigelegele fahali alishtuka akaondoka, na mlingoti ukavunjika shinani.

Daktari mmoja wa Kisumu anataka kuinunua boti aipeleke ziwani, lakini haitaki bila mlingoti. Nikimaliza, lori itakuja kuibeba, nami nitapanda lori hiyo hiyo. Kwa hivyo nitakuja nyumbani mlingoti ukiisha.

Mti ni msaiprasi, kutoka ule mstari wa kuzuia upepo nyuma ya zizi. Nimekwisha kuukata. Umenyooka.

Wasalimie watu. Mimi nakula vizuri.

Bethwel Ondiek


Kombewa
17 Februari 1966

Baba Stephen,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta habari za watu. Nimepata fahali, nimepata Ndungu, nimepata msaiprasi ulionyooka. Mimi nimepata sentensi moja, kwamba nilicheka boti zamani. Ahsante kwa kunikumbuka.

Sasa nisikilize vizuri. Tumelima. Mwanao Johnstone aliazima maksai wa mjomba wake, shamba lako limegeuzwa lote, lake yeye pia, na kipande cha Stephen pia. Mbegu ziko darini juu ya moshi. Aliyebaki ni wewe tu.

Mimi ni Mnandi. Kwetu mvua ikinyesha mwanamke anachukua jembe anapanda, basi. Ninyi Wajaluo mna taratibu zenu. Mwenye boma lazima alale nyumbani kwa mkewe usiku wa kuamkia kupanda, na asubuhi hao wawili ndio watie mbegu ya kwanza. Baada yao mwana wa kwanza, baada yake wa pili. Asiwepo mzee, boma zima linakaa na jembe begani. Niliyakubali haya nilipokubali kuolewa nawe. Nimeyafuata hata ile miaka uliyokuwa ukifika Ijumaa na kuondoka Jumapili, udongo bado uko kwenye kucha. Hujawahi kukosa.

Najua mwaka huu ni mgumu. Oktoba tulimzika Stephen. Ulisimama pale na koti lako, ukashikana mikono na watu, msiba haujapoa ukapanda basi kurudi Eldoret. Sikukuuliza kitu. Nilisema kila mtu ana namna yake. Lakini mvua haina habari na namna yako.

Hata leo nakuandikia Kiswahili, kwa sababu Kijaluo changu kinatosha kugombana na mama yako tu, kuandika hakitoshi. Kwa hivyo usiseme hukunielewa. Njoo tupande, kisha urudi kwa mlingoti wako.

Jeruto


Kapseret, Eldoret
2 Machi 1966

Mama Stephen,

Barua ilifika. Mti bado haujakauka. Ukirandwa ukiwa mbichi utapinda, na mlingoti uliopinda unavuta tanga upande mmoja. Nimeulaza juu ya magogo ghalani na kuugeuza kila asubuhi ili ukauke sawasawa.

Nitakueleza unavyofanywa. Kwanza unaufanya uwe mraba. Kisha unaondoa pembe. Hapo unapata pembe nyingine ndogo, nazo unaziondoa. Unaendelea hivyo mpaka mkono ukipita hauguswi na pembe yoyote. Juu unakuwa mwembamba kidogo kuliko katikati. Shinani unakaa juu ya ile boriti inayounganisha mitumbwi miwili, na unashikwa na waya tatu, mmoja mbele, wawili kando. Haukuchimbiwa popote. Ndiyo maana fahali aliuweza.

Ni kazi nzuri. Mtu haongei na yeyote.

Mwambie Johnstone angoje. Umeandika juu ya Oktoba. Nimesoma.

Bethwel


Kombewa
14 Machi 1966

Baba Stephen,

Mvua imeanza. Si manyunyu, ni mvua yenyewe, imeinywesha ardhi mpaka vyura wameingia jikoni. Majirani zetu wote wamepanda. Nikisimama mlangoni naona migongo ya watu kila upande, na katikati shamba letu jeusi, tupu, limelimwa vizuri kama kaburi jipya. Samahani kwa neno hilo. Ndilo lililokuja.

Mama yako amekaa kibarazani anatazama njia ya basi. Kila likipita ananiuliza kama ni wewe. Mke wa Johnstone amekasirika, anasema watoto wake hawatakula mlingoti. Na Johnstone jana aliniambia atapanda Jumamosi, uwepo usiwepo. Nilimshika shati. Nikamwambia, "Ukitangulia kupanda na baba yako yuko hai, umemtangaza maiti." Akasema, "Kwani yuko hai, mama? Wewe umemwona?" Mama yako alisikia, akataja chira, hiyo laana yenu inayompata avunjaye mila. Johnstone akaweka jembe chini. Lakini alilia, Bethwel. Mwanaume mzima, alilia kwa sababu ya mahindi.

Seline, mke wa Stephen, halii. Anakaa mlangoni kwake akitazama kile kipande cha mumewe, ukimsemesha anaitika vizuri tu.

Nitakuambia ukweli wangu mimi. Mimi pia sisikii kitu. Napika, nafua, nakwenda kanisani, naimba, na yote hayo ni kama shavu baada ya daktari wa meno kulidunga sindano. Unaligusa na unajua ni lako, lakini halipo. Hivyo ndivyo nilivyo tangu Oktoba. Usidhani ganzi umepewa peke yako. Tofauti ni kwamba mimi ganzi yangu iko hapa, inachota maji.

Na kama kuna mwanamke huko, niambie. Huyo mjane mwenye bwawa. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, niambie tu.

Jeruto


Kapseret, Eldoret
21 Machi 1966

Mama Stephen,

Hakuna mwanamke. Mama Warigia ni mtu wa makamo, ana ng'ombe na duka dogo la chumvi na mafuta taa. Ananiita Mzee. Mimi namwita Mama.

Mlingoti wa kwanza umeharibika. Nilikuwa karibu kuumaliza nikakuta fundo ndani ya mti, hapo juu waya zinapofungwa. Fundo linaweza kuwa pale tangu mti ulipokuwa mchanga, nje huoni kitu. Upepo ukivuta, utavunjika hapo. Siwezi kumpa daktari mlingoti wa namna hiyo. Nimechukua msaiprasi mwingine niliokuwa nimeukata na kuukausha pamoja nao, na nimeanza upya.

Ngojeni kidogo.

Bethwel


Kombewa
26 Machi 1966

Kwa Mama Warigia,

Hunijui. Mimi ni mke wa fundi Bethwel Ondiek anayetengeneza mlingoti wa boti yako. Nimeishi hapo Kapseret zamani, nalijua hilo bwawa, nimefua nguo pale. Mimi ni mtu wa huko huko, Mnandi, ila nimeolewa upande wa ziwa.

Sikuandikii kwa ubaya. Nataka kujua neno moja, na mwanamke kwa mwanamke naomba usinifiche. Mume wangu ana nini hapo kinachomzuia kuja nyumbani? Mvua ya kupanda imefika na kwa mila yao hatuwezi kutia mbegu bila yeye. Amesema ni mlingoti. Mimi nimeolewa na fundi miaka mingi, nimemwona akitengeneza paa la kanisa zima kwa muda mfupi kuliko huu.

Kama ni jambo lingine, niambie. Sitakuja kupigana. Sina nguvu hiyo.

Jeruto


Kapseret, Eldoret
1 Aprili 1966

Kwa Mama Stephen,

Nimefurahi kupata barua yako, kwa sababu mimi pia nilikuwa natafuta mtu wa kuuliza. Samahani kwa Kiswahili changu, ni cha sokoni.

Kwanza ondoa wasiwasi. Mimi nikimaliza kukama ng'ombe na kufungua duka sina hata nafasi ya kujitazama kwa kioo, sembuse kutazama mume wa mtu. Mzee Ondiek ni mtu wa heshima. Tatizo lake ni lingine, na sasa nitakuambia nilivyoona kwa macho yangu.

Ule mlingoti wa kwanza haukuwa na kitu. Ulikuwa umeisha. Ulikuwa mzuri mpaka watu wa kampuni walikuja kuupapasa. Mzee Mburu, ambaye hasifu kitu cha mtu, aliusifu. Nikamwambia fundi, haya, tuupake vanishi tuuinue, nimwite daktari na lori yake. Akasema ngoja kidogo, kuna pembe. Akaendelea kuranda. Kila alasiri nikitoka dukani namkuta anaranda. Mama, aliuranda mpaka ukawa mwembamba kama mti wa jembe. Ndipo akasema umeharibika, akachukua mwingine. Fundo silijui. Labda liko, mimi si fundi, lakini sikuliona.

Sasa wa pili nao umekwisha tangu wiki iliyopita. Anaranda. Daktari amekuja kutoka Kisumu na kurudi, na sisemi nimekasirika, lakini hiyo boti inakaa mahali ng'ombe wangu wanateremka kunywa, na nikiiuza nitanunua ng'ombe mmoja wa maziwa wa kizungu, wa grade.

Nikamuuliza tena, Mzee, tunangoja nini? Akasema mlingoti unainuliwa na watu wawili wanaoelewana, mmoja anausukuma kutoka shinani, mwingine anavuta waya wa mbele pole pole. Nikasema nitakuitia jirani yangu Wanyoike, au huyu Ndungu aliyeuvunja, alipe dhambi zake. Akakataa. Akasema anayejua kuvuta huo waya ni kijana wake Stephen, alikuwa akimsaidia tangu wakati wa mzungu, na kwamba Stephen yuko safarini, anakuja.

Kwa hivyo nakuomba, Mama, kama huyo kijana wenu yuko hapo Kombewa, mharakishe. Mwambie baba yake anamngojea. Akifika hata kwa siku moja tu mlingoti utasimama na mume wako utampata.

Salamu kwa wote, na hasa kwa Stephen.

Warigia wa Wanjohi


Kombewa
2 Aprili 1966

Bethwel,

Nimepanda.

Nimengoja mpaka nimechoka kungoja. Mjane wako sijapata jibu lake, na sasa sina haja nalo. Alhamisi asubuhi nilishuka darini na mbegu, nikaenda shambani peke yangu. Mama yako alinifuata mpaka mpakani mwa shamba akinisihi. Sikugeuka. Nilitia mbegu ya kwanza mimi mwenyewe, nikafuata mstari mpaka mwisho, nikarudi. Nilipomaliza shamba lako nilipanda kipande cha Stephen, maana Seline bado yuko kwenye msiba na haruhusiwi. Kisha nikamwambia Johnstone, haya, sasa ni wewe. Jioni tulikuwa tumemaliza.

Najua maana yake. Mwanamke akipanda hivyo ni kwamba boma halina mzee. Nimetangaza mbele ya kijiji kizima kwamba nimebaki mjane na mume wangu anaranda mti Eldoret. Hukuja kufa vizuri kama mwanangu, tukakulilia. Umekufa kwa barua.

Mchungaji ananiambia hiyo mila ni giza na nimefanya vyema. Yeye hakuona uso wa mama yako.

Sijui kama nina hasira. Nilidhani nikipanda nitasikia kitu. Nilinawa mikono nikalala.

Jeruto


Kapseret, Eldoret
5 Aprili 1966

Mama Stephen,

Barua yako imefika. Umefanya vizuri. Watu ni lazima wale.

Mlingoti unaendelea. Umebaki kidogo upande wa juu.

Mwambie mama yangu asilie.

Bethwel


Kombewa
9 Aprili 1966

Kwa Mama Warigia,

Barua yako ilinipata Jumatatu. Nilikuwa nachambua mboga. Nilisoma mpaka pale uliposema nimharakishe Stephen, nikaweka karatasi chini, nikaendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha. Sikujua nifanye nini kingine. Ndiyo sababu nimechelewa kukujibu.

Mama, Stephen amefariki. Alikuwa mwana wetu wa kwanza. Alipata homa Oktoba, tukampeleka hospitali, akarudi ndani ya sanduku ambalo baba yake alilitengeneza mwenyewe usiku ule ule. Ni kweli alikuwa akimsaidia baba yake na hiyo boti. Alikuwa akipenda sana. Mzungu alimruhusu kupanda, akarudi nyumbani amelowa mpaka nywele, anacheka peke yake.

Mume wangu alikuwepo kwenye mazishi. Yeye ndiye aliyepiga misumari. Si kwamba hajui. Sijui niseme nini. Anajua na hajui.

Mimi nilimfikiria vibaya. Nilidhani ni mwanamke, kisha nikadhani ni moyo wa jiwe, na kwa hasira nikapanda bila yeye. Kwao hilo ni kumtoa mtu katika boma lake. Kama ningengoja barua yako siku chache zaidi nisingefanya. Sikulaumu, posta ni posta. Lakini nimefanya, na kwenye shamba hakuna kufuta kwa raba.

Ameniandikia kwamba nimefanya vizuri. Barua fupi. Nimeiogopa kuliko kama angenitukana.

Nakuomba kitu ambacho si haki kumwomba mtu usiyemjua. Mwambie wewe. Mimi nikiandika atasoma, atasema amesoma.

Jeruto


Kapseret, Eldoret
20 Aprili 1966

Kwa Mama Stephen,

Pole. Pole sana, Mama. Nilisoma barua yako nyuma ya kaunta mteja akinipigia kelele ya chumvi, nikamwambia duka limefungwa. Na mimi nilikuwa nimetuma salamu kwa Stephen! Nisamehe.

Nitakuambia kitu changu ili ujue simshangai mume wako. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya Waingereza, kule kwetu Murang'a, bwana yangu Wanjohi alichukuliwa na askari akapandishwa lori. Hatukuonyeshwa hata kaburi. Mwaka mzima nilikuwa namwekea chakula. Si kwamba nilikuwa nimerogwa. Nilijua hayuko. Mkono tu ulikuwa unapakua. Siku moja dada yangu alikuja akakila chakula hicho mbele yangu, akaosha sahani, akaiweka. Nilimchukia. Lakini baadaye sikupakua tena.

Basi nilifunga duka nikaenda ghalani. Alikuwa anaranda. Sikujua maneno ya kusema kwa Kiswahili, na kwa Kikuyu asingeelewa, kwa hivyo sikuanza na maneno. Nilitoa viatu, nikashika waya wa mbele, nikasimama nao pale mlangoni kama mtu mjinga. Nikasema, "Mzee, sukuma. Nitavuta mimi."

Akasema, "Huo ni wa Stephen."

Nikasema, "Stephen hawezi kuja, Mzee. Mama Stephen ameniambia."

Halafu akauliza, "Amekuambia lini?" Nikamwambia ni wiki hii. Akauliza, "Amesema ni nini?" Nikasema, "Ni homa." Akaitika kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari ya mtu mwingine na kuona inafanana na aliyoisikia. Akaiweka randa juu ya meza. Akapangusa maranda yaliyokuwa kwenye mikono yake, mmoja, halafu mwingine.

Akasema, "Usivute haraka."

Tuliubeba mpaka kwenye boti, tukauinua. Mara ya kwanza nilivuta vibaya ukaenda kando, tukaanza tena. Mara ya pili ukapanda. Alifunga waya za kando, akaukumbatia akautikisa, haukutikisika. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa na leso yangu, lakini hakulia. Alisema tu, "Uko sawa," nikapeleka neno kwa daktari.

Lori imekuja leo. Wameulaza mlingoti wakaifunga boti juu, na mume wako amekaa nyuma na sanduku lake la vifaa. Nilimwambia nyumba ni yake akitaka kurudi. Akasema anakwenda kuona kama wewe utamfungulia. Akasema, "Mke wangu amepanda, Mama. Mimi huko ni marehemu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema habari za mbao.

Sijui mila zenu. Lakini nakuomba, mfungulie.

Warigia


Kombewa
8 Mei 1966

Kwa Mama Warigia,

Ulituma mtu wa lori aniulize kama alifika. Alifika. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kukuandikia yote yakiwa yameisha, na hayaishi, kwa hivyo nakuandikia tu.

Alifika asubuhi na kusimama nje ya lango. Hakuingia. Aliweka sanduku chini akasimama kando yake kama mgeni asiyejua jina la mwenye nyumba. Watoto walimwona kwanza wakakimbia. Mimi nilitoka. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi. Nikasema, "Umekonda." Akasema, "Mahindi yameota."

Hatukuweza kumwingiza hivyo hivyo. Mama yake alituma watu waite wazee, nao walikaa mpaka jua la adhuhuri, yeye bado amesimama pale nje, amepelekewa kiti na hataki kukaa. Mwisho walisema njia ni moja. Kilichopandwa bila yeye king'olewe. Aingie, alale nyumbani kwake, asubuhi tupande upya kwa utaratibu, yeye na mimi, kisha wengine. Wala si wao waliokuwa wakali. Mmoja wao aliniambia pole. Anajua mvua ya Aprili, ukiipoteza imekwenda.

Johnstone alisimama akasema hataki. Mkewe alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nami nilijifunga leso kiunoni niende kung'oa, kwa kuwa ni mimi niliyepanda. Bethwel ndiye aliyesema, "Nitang'oa mwenyewe. Msisaidie."

Akang'oa. Alianza mpakani na kushuka mstari kwa mstari, ameinama, anang'oa na kulaza, anang'oa na kulaza, kwa ule uangalifu wake wa fundi, hata majani hakuyavunja. Mahindi yalikuwa mazuri, Mama. Yalikuwa na rangi ile ya kijani ambayo mtu akiiona anahesabu magunia. Alimaliza shamba lake. Akaingia la Johnstone, Johnstone akaenda zake asione. Akalimaliza. Uso wake haukuwa na kitu chochote. Nilimfuata nyuma nikiokota, na mimi vilevile uso wangu haukuwa na kitu.

Kisha akafika kwenye kipande cha Stephen.

Aliinama, akashika mche wa kwanza. Alikaa hivyo. Nilidhani mgongo umemkamata. Nikasogea nikamwita, na ndipo nikaona anaushika tu, hauvuti. Akasema, "Jeruto, huu siwezi." Hajaniita kwa jina langu tangu tuzae. Nikamwambia wazee wamesema yote. Akasema, "Huu siwezi kuung'oa," na akapiga magoti pale pale kwenye tope na suruali yake ya safari, na sauti ikamtoka. Sijawahi kusikia sauti hiyo. Seline alitoka mlangoni kwake akaja mbio, akaanguka upande wa pili wa mstari, naye ikamtoka. Wazee waligeuza nyuso wakatazama ziwa.

Mimi nilikuwa nimesimama na mahindi yaliyong'olewa mikononi. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mtu wa hapa. Nilingoja na yangu itoke. Haikutoka. Nilifurahi kwa ajili yao, nikaona wivu.

Mama yake ndiye aliyeamua. Alikuja na fimbo yake mpaka katikati ya shamba akawaambia wazee, "Hicho kibaki. Mwenye nacho hawezi kudhurika tena." Hakuna aliyembishia.

Bethwel alilala nyumbani. Asubuhi tulipanda, mimi na yeye, kisha Johnstone, ambaye hasemi na baba yake lakini alipanda. Tangu siku hiyo mvua imenyesha mara moja, kidogo. Mbegu zetu zimeota chache. Nadhani mwaka huu tutanunua unga, na kijiji kizima kitajua ni kwa sababu yangu.

Kipande cha Stephen kimefika magotini. Bethwel anakipalilia kila siku, hata pasipo na magugu. Jana nilimpelekea uji pale, nikakaa naye ukingoni. Alikunywa nusu akanipa nusu. Baadaye aliniuliza kama bado sisikii kitu, nikamwambia bado. Akasema, "Basi kaa hapa." Nikakaa.

Jeruto